MAPISHI YA WIKI: Kombe wa Mvuke kwa Tui la Nazi

Familia ya askari iliyozoea samaki wa ziwani hushangaa inapofika Mombasa au Unguja na kuandaliwa sinia ya kombe wenye magamba yao. Kitoweo hiki ni kitamu, hakihitaji mafuta, na huiva upesi. Lakini kombe huharibika haraka akishakufa, na aliyekufa kabla ya kupikwa aweza kuwaugua­za watu wa nyumba nzima. Kwa hiyo mpishi huongozwa na gamba: kombe mbichi sharti afunge, na aliyeiva sharti afunguke.

Wanawake wa pwani huwafukua kombe mchangani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Kombe hula kwa kuchuja maji ya bahari. Maji yakiwa machafu, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo huingia mwilini mwake. Gamba haliwezi kuonyesha uchafu huo. Basi muuzaji aulizwe alikowatoa, na wa karibu na mifereji ya maji machafu waachwe. Vilevile waachwe wa mahali palipopigwa marufuku kwa ajili ya sumu ya bahari, kwani sumu hiyo haiondolewi na moto.

Mahitaji (watu 4)
Kombe wenye magamba, kilo 2
Kitunguu maji 1
Kitunguu saumu, punje 3
Tangawizi, kipande kidogo
Tui zito, kikombe 1
Ndimu 1
Pilipili mbichi 1

Kutayarisha
Magamba yasuguliwe kwa brashi. Kombe aliye wazi agongwe kidogo, asipofunga, atupwe. Aliyevunjika gamba pia atupwe. Waliobaki walowekwe kwa saa 1 katika maji baridi yenye chumvi, vijiko vikubwa 2 kwa kila lita, ili wateme mchanga. Wasilowekwe katika maji matamu, kwani huwaua.

Kupika
Nusu kikombe cha maji ichemshwe pamoja na kitunguu, saumu na tangawizi. Kombe watiwe, sufuria ifunikwe sawasawa, na moto uwe mkali. Baada ya dakika 5 hadi 10 magamba hufunguka. Wasiepuliwe papo hapo. Waendelee kuchemka dakika 5 nyingine. Kisha waopolewe, na wote waliokataa kufunguka watupwe bila kubanduliwa kwa kisu.

Mchuzi uliobaki uchujwe kwa kitambaa safi, kwa sababu mchanga hutuama chini. Urudishwe motoni, utiwe tui na pilipili, na ukorogwe polepole juu ya moto mdogo ili tui lisikatike. Chumvi isiongezwe kabla ya kuonja. Ndimu ikamuliwe mwisho, baada ya kuepua.

Kuandaa
Kombe wapangwe katika sinia, wamwagiwe mchuzi, na waliwe kwa wali wakiwa moto. Bakuli tupu liwekwe kando kwa ajili ya magamba. Mwenye kuwashwa mwili kwa vyakula vya baharini apikiwe kitoweo kingine. Watakaobaki wasilazwe jikoni hadi asubuhi. Ni heri kupika kidogo kikaisha.