Si maji baridi, mama (Sehemu ya 4)

Jana kliniki mama mmoja wa Likoni kaambiwa, mbele ya foleni nzima, kwamba mwanawe anabanwa kifua kwa sababu alimwogesha maji baridi. Aliyesema ni muuguzi mwenzangu. Nilikuwa nimewaahidi mada ya chanjo, mtanisamehe, itangoja.

Kuna gesi inaitwa oksidi ya salfa. Haina rangi. Ikizidi hunuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Hutoka pale mafuta yenye salfa yanapochomwa. Ikigusa unyevu wa koo huwasha, na njia za hewa zaweza kujibana ndani ya dakika chache, hasa kwa mwenye pumu. Mtoto akikimbia hupumua kwa mdomo, kwa hivyo ile pua ambayo ingeinasa gesi nyingi inarukwa. Nyingine hugeuka hewani ikawa chembe ndogo mno, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Hapa Mombasa inatoka wapi? Mtasema matatu. Matatu zina makosa yake, lakini tangu 2015 dizeli yetu hairuhusiwi kuzidi miligramu 50 za salfa kwa kilo. Sasa tazameni Kilindini. Meli ikifunga gatini haizimi kila kitu, jenereta zinanguruma usiku kucha kwa ajili ya taa, pampu na makontena ya baridi. Kanuni ya kimataifa ya 2020 inairuhusu mafuta yenye salfa hadi asilimia 0.5. Pigeni hesabu: miligramu 5,000 kwa kilo. Mara 100! (Na hiyo ndiyo nafuu, zamani ilikuwa asilimia 3.5.)

Kinachoniuma ni hiki. Meli hiyohiyo ikifunga bandari ya Umoja wa Ulaya kwa zaidi ya saa mbili, yatakiwa mafuta yasiyozidi asilimia 0.1, au itumie umeme wa nchi kavu. Tangu 2010! Kwa hivyo mafuta yapo na mabaharia wajua kuyabadilisha. Mtoto wa Rotterdam ana sheria, wa Likoni ana lawama kwa mamake.

Eti bei ya bidhaa itapanda. Na nauli ya kliniki, pampu ya pumu, kibarua kilichokosekana, hizo nani analipa?

Mwingine kaniandikia "shida ni mkaa wenu". Moshi wa mkaa ni mbaya, nimesema tangu Sehemu ya 1, lakini salfa yake ni kidogo sana. Tena niliwaambia mtoe jiko nje. Hewa ya huko nje nani anaichafua?

Sisemi kila kikohozi ni meli. Nasema wanaoomba kura wakija mtaani waulizeni: lini meli zilizofunga Kilindini zitachoma mafuta ya asilimia 0.1?

Na wewe mama wa jana, maji ya kuoga hayaleti pumu. Jumatatu niko zamu ya asubuhi, mlete mtoto tumsikilize kifua upya.