Chuo Kijilishe kwa Kazi Yake

Mara nyingi twasikia kwamba chuo cha ufundi kimefunguliwa mahali fulani kwa hotuba na dua. Vijana huingia, wakasoma mwaka mmoja au miwili, kisha wafadhili huondoka na mlango ukafungwa. Vyombo huota kutu, walimu hutawanyika, na kijana aliyefika nusu ya njia hurejea kwao hana cheti wala kazi. Wahenga walikwisha kutuonya ya kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi mwezi huu twataka kuzungumza na jamaa zetu wasomaji juu ya chuo kuishi kwa chumo la mikono yake.

Mfano ulio wazi uko Porto-Novo, nchini Benin. Mwaka 1985 Godfrey Nzamujo, padre kutoka Nigeria aliyekuwa akisomesha Marekani, alianzisha huko kituo cha Songhai juu ya hekta 1 ya ardhi aliyopewa na serikali. Hapo vijana hufunzwa kulima, kufuga, kusindika mazao na kutengeneza mashine. Takriban hakuna kitupwacho. Samadi hutiwa katika shimo lililozibwa hewa, ikatoa gesi ya kupikia, na masalio yake yakawa mbolea. Kinyesi cha kuku huzalisha mabuu, na mabuu huwa chakula cha samaki. Maji ya bwawa nayo hunywesha mboga. Mavuno huuzwa, na fedha hurudi kituoni. Mwaka 1993 Nzamujo alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Uongozi kwa juhudi hizo.

Hatusemi kwamba misaada haikupokewa, ilipokewa. Bali iko tofauti kubwa baina ya fedha ya kujengea na fedha ya kulia chakula cha kila siku. Waislamu twaijua tofauti hii tangu zamani, kwani ndiyo maana ya wakfu: shina hubaki, hutolewa matunda. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar alielekezwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, alizuie shamba lenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake. Anayekipa chuo mashine ya kusaga nafaka amekipa shina. Anayelipa mishahara ya mwaka mmoja ametoa tunda, nalo litaliwa liishe.

Lakini biashara ina mtihani wake. Mnunuzi ataka haraka, na mwanafunzi ahitaji kurudia alipokosea. Chuo kikipokea kazi ya kutengeneza milango arubaini, yule kijana apasuaye mbao upesi huachwa kwenye msumeno miezi na miezi, asifundishwe kuunga wala kupima. Hapo chuo chapata fedha, na kijana amegeuzwa kibarua asiyelipwa. Hiyo ni dhuluma, hata ikiwa hesabu zapendeza.

Dawa yake ni tatu. Kwanza, saa za masomo zitengwe na saa za kazi ya kuuza, na mwanafunzi apewe sehemu ya pato alilolichuma. Pili, kila karakana iwe na daftari lake, ili ijulikane ipi yaleta faida na ipi yala ya mwenziwe. Tatu, bei isisahau uchakavu. Betri ya umeme wa jua huchoka na msumeno huisha meno. Chuo kisichoweka akiba ya kununua vingine kinakula mtaji wake na kudhani ni faida.

Kwa hiyo mzazi ampelekapo mwanawe, asitazame rangi ya majengo. Aulize: mauzo yalipa sehemu gani ya gharama? Mwanafunzi hupitia kazi zote au moja tu? Nani akagua hesabu? Nasi tulio wanunuzi tuna wajibu wetu. Tukihitaji meza, na chuo cha mji wetu chatengeneza meza nzuri, tuinunue kwa bei ya haki, bila kuomba ipunguzwe kwa kuwa ni kazi ya wanafunzi. Bei hiyo ndiyo karo ya kijana wa jirani.