Shairi la Kuchekesha Si Kazi Nyepesi

Imezoeleka kusemwa kwamba ushairi wa kweli ni ule unaomtoa msomaji jasho, na kwamba anayetunga kuhusu mpira, bao, pilau au uvuvi wa mshipi anapoteza wino. Naikataa kauli hiyo. Imewafanya vijana wenye kipaji cha kuchekesha waandike maombolezo wasiyoyahisi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosifiwa.

Tuseme shabiki katoka uwanjani Jumamosi jioni, akatunga hivi:

*Timu yangu imefungwa, chakula hakinipiti,*
*Hata chai iloungwa, imepoa kwenye kiti.*

Kila mshororo una mizani 16, vina ni *ngwa* na *ti*. Ongeza silabi moja tu, sikio linashtuka kabla kicheko hakijafika. Mtunzi wa majonzi akiteleza husamehewa kwa uzito wa jambo lake. Anayechekesha hana pa kujificha: watu wamecheka au hawakucheka. Tena wanaomhukumu ni wajuzi. Soma shairi la bao barazani, mle ndani umwonyeshe mchezaji anatakata, yaani anacheza bila kula kete, ilhali ana cha kula, uone kama wazee watakuacha ufike ubeti wa pili.

Wanaodai kwamba jadi yetu ni ya mambo mazito peke yake wamsahau vipi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840? Aliimba vita na siasa za mji wake, ndiyo, lakini aliimba pia mapenzi, ukata, majigambo na utani wa watu wa mtaani. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, mashairi hayo yalikuwa bado vichwani mwa watu, na humo ndimo msomi wa Mombasa, Mwalimu Sikujua, alimoyatoa, yeye na mmisionari W. E. Taylor wakayaandika. Diwani haikuchapishwa hadi 1940. Hakuna mtihani uliowalazimisha watu wa Mombasa kuyakariri. Yaliwapendeza, na vina vikawasaidia kuyashika.

Leo darasani shairi likisomwa, swali la kwanza ni dhamira, la pili ujumbe. Kama mtunzi amependa tu kueleza raha ya kuvuta changu mkubwa alfajiri, mwanafunzi hubaki akimtafutia ukoloni ndani ya ndoana. Raha ya mvuvi haitoshi kuwa jambo la kuimbwa?

Najua jibu linalotolewa: mashairi mengi ya kuchekesha ni mabovu. Ni kweli. Maneno hukatwa vichwa ili kina kipatikane, utani ukawa ule ule wa mke mkali na mume mlevi. Hayo yakosolewe bila huruma, kwa mizani, kwa vina, kwa uchovu wa utani wenyewe. Lakini maombolezo mabovu nayo ni tele, na sijamsikia mtu akisema tuache kuomboleza.