Mtunzi Anyimwaye Jina Lake

Mtu aunganishapo muziki wa kale wa Ulaya na jazi ya Marekani huitwa mtunzi, wala hapana abishaye. George Gershwin alipoileta Rhapsody in Blue mbele ya watu wa New York mwaka 1924 aliitwa mtunzi. Duke Ellington, mtoto wa jazi, aliitwa mtunzi alipoingia Carnegie Hall mwaka 1943 na kazi ndefu juu ya historia ya watu weusi wa Marekani. Mwaka 1957 Gunther Schuller aliupa muungano huo jina la mkondo wa tatu, na vyuo vikuu vikaupokea na kuutungia vitabu. Lakini Hukwe Zawose, mtu wa Doduma katika nchi ya Wagogo, aliyeutoa muziki wa nyanda kavu akauleta pwani ya Bagamoyo, akaufundisha kwa vijana wa makabila mengine, kisha akaukutanisha na gitaa la umeme, huyo huitwa mpiga ngoma za asili. Jina hilo hutamkwa kwa mapenzi, aghalabu na kwa tabasamu. Hata hivyo ni jina la kumpunja.

Habari za maisha yake zaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Alizaliwa mnamo mwaka 1938, ingawa wengine husema 1940. Sifa yake ilimfikia Julius Nyerere, ambaye Desemba 1962 alikuwa ameunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akilalamika kwamba vijana walijua kucheza dansi za wageni kuliko ngoma za wazee wao. Rais akamwita kijana huyo aje kukaa na kufanya kazi Dar es Salaam. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 sahani zake zilianza kutoka Uingereza: Tanzania Yetu, kisha Chibite mwaka 1996, kisha Mkuki wa Rocho mwaka 2002 pamoja na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, na mwaka huo huo Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Alifariki nyumbani kwake Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Wamnyimao jina la mtunzi wana hoja moja kubwa. Husema: muziki wa asili ni mali ya wote, umerithiwa, hauna mwanzo wala mwenyewe, Zawose aliupokea kwa wazee wake akaupiga vizuri, basi. Hoja hii yasikika kama heshima kwa wazee, na ndiyo sababu imedumu. Yapimwe basi katika mizani ya ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuvumbua bahari ya shairi, aliikuta. Mwana Kupona hakuvumbua mizani ya utenzi. Je, yuko mwanachuoni atakayethubutu kusema kwamba Muyaka hakuwa mtunzi bali msomaji hodari wa mashairi ya asili? Bach naye alizijenga kazi zake nyingi juu ya nyimbo za kanisa zilizokuwa zikiimbwa na kila mtu kabla hajazaliwa. Kurithi kanuni hakumzuii mtu kutunga. Bila kanuni iliyorithiwa hapana utunzi popote duniani. Hoja inayomruhusu Bach na kumkataza Zawose si hoja ya muziki tena.

Na kanuni aliyoirithi Zawose si nyepesi. Uzi mmoja ukipigwa huzaa ndani yake sauti nyingi, moja juu ya nyingine, kwa hesabu isiyobadilika. Muziki wa Wagogo hujengwa juu ya sauti hizo za maumbile, ile ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na ya tisa; ya nane ni ya nne iliyorudi juu. Hiyo ya saba haimo katika kinanda cha Ulaya, kwani iko chini ya ile iliyo karibu nayo kwa kiasi cha theluthi ya nusu-hatua. Asiyezoea huisikia kama kosa. Aliyesikiliza bluzi za Marekani huisikia kama jamaa aliyepotea siku nyingi, ingawa undugu huo wataka uchunguzi wa makini kuliko shangwe. Kisha kuna ilimba yenyewe, ambayo vipande vyake vya chuma si vyote hupigwa: vingine huachwa vitetemeke vyenyewe vinapoitwa na wenzao, na juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui ili sauti ipate mkwaruzo wake. Zawose hakukiacha chombo hicho kama alivyokikuta. Aliongeza vipande vya ilimba na nyuzi za zeze kupita kiasi cha desturi, akaongeza na sauti yake mwenyewe, iliyoshuka chini kama ngoma kubwa na kupanda hadi ikawa nyembamba kama filimbi. Abadilishaye chombo ili kiseme jambo ambalo hakikuweza kulisema kabla yake, ametunga.

Wapo wengine wanaokubali kwamba alifanya jambo jipya, ila hulihesabu jambo hilo tangu siku alipoingia katika studio ya wageni. Kwao daraja lilijengwa na Brook, ambaye kabla ya hapo alikwisha kufanya kazi ya namna hiyo na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Hili ni kosa la kutazama jahazi likiwa bandarini na kusahau safari. Daraja lilianza Bagamoyo. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyopita Ugogo, na wapagazi walitua hapo mizigo ya pembe. Karne moja baadaye mtu wa Ugogo akaifuata njia ile ile, akaketi karibu na bahari akimfundisha kijana wa pwani, aliyelelewa kwa mdundiko na vanga, namna ya kusikia ile sauti ya saba. Wimbo uliokuwa na usiku mzima wa kuenea ilibidi utoshee jukwaani kwa dakika chache. Maneno ya Kigogo yalisimama pamoja na ya Kiswahili. Kazi hiyo yote ya kupima, kukata na kuunga ilifanywa kabla Brook hajamwona.

Haki itendeke hata kwa hasara ya upande unaotetewa: Assembly si kazi bora ya Zawose. Vyombo vya umeme mara nyingi huufunika ule mkwaruzo wa utando, na sikio hubaki likiutafuta. Chibite, ambayo ni tupu zaidi, yaipita mbali. Lakini mtunzi hapimwi kwa jaribio moja lililopungua, na Gershwin naye ana kurasa zake dhaifu. Ama wale walinzi wa asili wasemao kwamba Zawose aliuchafua muziki wa Wagogo kwa kuutembeza, hao wahitaji jibu fupi tu: wao wautaka ukae kimya katika makumbusho, naye aliutaka uishi. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wake, walitoa sahani yao wenyewe iitwayo Maisha.

Msomaji aweza kuuliza kama ugomvi huu wa jina una faida. Unayo, tena ya shilingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilipotungwa ilitenga vitu viwili. Kazi ya mtunzi ni mali yake, na baada ya kufa kwake ni ya warithi wake kwa miaka iliyowekwa. Sanaa ya jadi haina mrithi anayetajwa. Atakaye kuifanyia biashara huomba ruhusa kwa chombo cha serikali. Basi kila mara msomi aandikapo katika ukurasa wake kwamba wimbo wa Zawose ni "wimbo wa asili wa Wagogo", bila jina, anauhamisha wimbo huo kutoka nyumba moja ya Bagamoyo na kuuweka mahali pasipo na mwenyewe. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Hufanya kwa uvivu wa kalamu. Kinachotakiwa kwa wanafunzi wa muziki na wa fasihi ni kazi ya mikono: nyimbo zake ziandikwe, Kigogo upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kwa alama zitakazoweza kuionyesha ile sauti ya saba badala ya kuisukuma iingie katika kinanda, na juu ya kila wimbo alioutunga liandikwe jina la Hukwe Ubi Zawose.