Tuulize vizuri kabla ya kutoa vidonge

Naomba nafasi niseme jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulisema.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mmoja wa kambi yetu mpaka Kigali na karatasi yake ya transferi. Miaka miwili alikuwa akipewa vidonge vya maambukizo ya mkojo. Anapata nafuu wiki moja, yanarudi. Mimi mwenyewe nilimtembelea mara nyingi nikamwambia anywe maji mengi, basi. Daktari wa Kigali alimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: mkojo unatokaje? Mama akanitazama, akajibu polepole: unatoka na hewa, unakatika-katika, na siku nyingine una uchafu wa choo.

Huo si uchawi. Ni dalili ya tundu kati ya utumbo na kibofu. Linaweza kuletwa na uvimbe wa utumbo, saratani au upasuaji wa zamani. Wanaume hulipata zaidi, kwa sababu kwa mwanamke kizazi kiko katikati. Mama huyu alishatolewa kizazi huko Kongo. Daktari hulitafuta kwa skena, au kwa kamera ndogo inayopita njia ya mkojo. Vidonge vinashusha homa, tundu linabaki.

Tundu tunalolijua zaidi ni fistula ya uzazi. Kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu, nyama inakosa damu na kufa. Baada ya siku chache mkojo au choo kinavuja ukeni. Wengine waliipata kwa kubakwa vitani. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege, imeshona wengi wa kwetu. Kipimo chake hakihitaji mashine: kibofu kinajazwa maji ya buluu kwa mpira, na vipande vitatu vya pamba vinawekwa ukeni. Pamba ikitoka na buluu, kibofu kina tundu. Ile ya juu ikilowa bila rangi, daktari anaufikiria mrija unaotoka kwenye figo.

Kwa maoni yangu, kosa ni letu wahudumu wa kujitolea. Tunaingia nyumbani, mume na watoto wamekaa, tunauliza, "Mama, uko salama?" Atajibu nini? Tumtoe pembeni. Nguo zinalowa? Mkojo una hewa? Choo kinapita wapi? Na ninyi wazee wetu wanaume, hata nanyi tutawauliza, msikasirike.

Mama amepewa tarehe ya kurudi Kigali kwa upasuaji. Nitamsindikiza tena.