Bukavu: Kijana akikatika kidole katika atelie, patroni naye aulizwe

Katika atelie za kuchomelea vyuma zilizo kando ya barabara za komini ya Kadutu, mjini Bukavu, kijana akikatika kidole au kipande cha chuma kikimwingia jichoni, maneno ni yale yale: hakuwa makini, anapenda mchezo, ni bahati mbaya. Anapelekwa hospitali, na kazi inaendelea. Lakini mara nyingi ajali hiyo ilianza kabla yeye hajashika mashini.

Mashini ndogo ya kukatia vyuma, ile ya diski ya milimita 125, huzunguka karibu mara 11 000 kwa dakika. Imetoka kiwandani na kifuniko cha chuma kinachomkinga anayeishika. Katika atelie nyingi kifuniko hicho hakipo tena: kilifunguliwa ili diski kubwa iweze kuingia. Lakini diski ya milimita 180 imetengenezwa kwa mizunguko 8 500 hivi, na kipimo hicho kimeandikwa juu yake. Ikifungwa kwenye mashini ndogo inapitishwa kipimo kwa mizunguko zaidi ya 2 000. Siku itakapopasuka, vipande vinaruka kama risasi, na hakuna kitu kati yake na uso wa kijana. Wengine hufunga hata msumeno wa mbao juu ya mashini hiyo hiyo. Meno yakinasa kwenye ubao, mashini inamrukia fundi kabla hajaachilia mkono.

Ni nani alifungua kifuniko? Si mwanafunzi. Yeye aliikuta mashini hivyo, na hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Kuna na jambo la umeme, ambalo wakaaji wa Bukavu wanalijua vizuri. Umeme unakatika fundi akiwa kazini. Anaweka mashini chini, anaenda kunywa chai, anasahau kuzima swichi. Umeme ukirudi, mashini inajiwasha yenyewe, diski ikiwa pembeni ya miguu ya watu. Kuzima swichi na kuchomoa waya hakugharimu hata franga moja. Ni desturi tu ambayo mkubwa wa atelie angeweza kuidai kila siku, kama anavyodai watu wafike asubuhi na mapema.

Mapatroni wana jibu lao: miwani ya kazi ni pesa, diski za kipimo sawa ni pesa, na mteja anataka bei ya chini. Hilo si uongo. Lakini nyundo ambayo kichwa chake kinacheza, au tindo iliyochanuka kichwa hadi inarusha vipande, inahitaji tu nusu saa ya kutengenezwa. Hata hiyo nusu saa haipatikani.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haikuandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa za madini peke yake. Inagusa pia biashara ndogo zisizo rasmi zinazotumia wafanyakazi wa kulipwa. Mwajiri ndiye anapashwa kulinda afya na usalama wa watu wake. Ni mafundi wangapi wa Kadutu waliowahi kumwona mkaguzi wa kazi akiingia kwao? Watoza kodi, hao njia wanaijua.

Vilevile, atelie ikiwa haijaandikisha watu wake katika CNSS, kijana aliyepoteza jicho hana pa kudai. Familia inauza mbuzi, inakopa, inachanga kanisani. Patroni mwenye moyo mwema hutoa kitu kidogo. Asiye na moyo huo humtafuta kijana mwingine, na hawakosekani.

Wateja nao wasijitoe. Anayeagiza mlango wa chuma leo na kuutaka kesho asubuhi, kwa bei ya nusu, anajua kazi hiyo itafanywa usiku, kwa haraka, na mikono ya nani. Anapokuja kuuliza mlango wake umefika wapi, anaweza pia kuuliza kwa nini anayeukata hana miwani.