Picha Siyo Mchezo

Wengi wetu tuchezao michezo ya kuigiza kwenye intaneti hudhani kwamba picha nzuri ndizo ziufanyazo mchezo uaminike. Mimi sikubali. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuutunga mchezo ulioitwa MUD, na Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja, ila maneno yaliyoandikwa tu. Na watu waliupenda sana.

Kitakiwacho ni adabu ya mchezo. Mtu akijifanya mzee wa miaka 80, asikimbie kama kijana. Akijeruhiwa, na achechemee. Siri aliyoijua yeye mchezaji, lakini mzee wake hajaambiwa, asiitumie. Tena asiamue peke yake kwamba mkuki wake umempata mwenzake. Aseme ameurusha, kisha angoje ajibiwe. Asiyekubali kushindwa kamwe huwageuza wenzake kuwa vinyago, na nani atakaa kucheza naye?

Basi, wenzangu, kabla ya kuwaomba wazazi kompyuta mpya, tujifunze kwanza kushindwa vizuri. Hilo halina gharama.